NYUMBU, MVUKE NA KOMPYUTA
Jinsi kampuni moja ya ujenzi ilivyobadili vyombo vyake kwa zaidi ya miaka 100

Mashine mpya ifikapo mahali pa kazi, watu hukusanyika kuitazama. Wengine huistaajabia. Wengine huiogopa, kwa kuwa yafanya kazi ya mikono yao. Naye aliyeinunua huanza kuhesabu faida kabla haijaanza kunguruma. Lakini ni wachache wanaouliza swali lililo kubwa kuliko yote: je, kazi nyingine zinazoizunguka mashine hii zimekwisha kupangwa upya? Mashine ya kuchimba haina faida kama hakuna magari ya kuuchukua udongo. Na gari lililo jema juu ya ardhi laweza kuwa sumu chini ya ardhi.

Habari za kampuni ya Bechtel ya Marekani zaonyesha jambo hili wazi. Kampuni hii ilianza na nyumbu, nayo imekuwa mojawapo ya makampuni makubwa ya ukandarasi duniani. Katika safari hiyo imebadili vyombo mara nyingi, na kila badiliko lilikuwa na faida yake na gharama yake. Msomaji anayefikiri kununua trekta, au anayefanya kazi chini ya mkandarasi, atapata humo mambo ya kumfaa.

KARAI LINALOVUTWA NA NYUMBU

Katika mwaka 1898 Warren A. Bechtel, kijana aliyekulia katika jimbo la Kansas, alikwenda na nyumbu wake katika nchi ya Oklahoma, akapata kazi ya kusawazisha ardhi kwa ajili ya njia ya reli. Nyumbu hawa si wale wa mbugani waonekanao huko Mara. Ni wanyama wazaliwao na punda dume na farasi jike, wenye nguvu na uvumilivu mwingi.

Chombo chao kilikuwa karai kubwa la chuma, lenye makali upande wa mbele na mishikio miwili upande wa nyuma. Nyumbu walivuta, na mtu aliyefuata nyuma aliinua mishikio kidogo ili makali yauchote udongo. Karai lilipojaa aliikandamiza mishikio, wanyama wakaliburuta hadi kwenye tuta, likapinduliwa. Kazi hii haikuwa na siri. Kila mwenye nyumbu na moyo wa kufanya kazi aliweza kuianza. Lakini mnyama hula hata siku ya mvua ambapo hakuna kazi, na mkandarasi ambaye hakuiweka nyasi ya siku hizo katika hesabu yake alifilisika upesi.

Mwaka 1906 Bechtel alipata mkataba mdogo wa kwanza wa peke yake, katika ujenzi wa reli ya Western Pacific huko California.

SEPETU YA MVUKE

Mashine ya kuchimba kwa mvuke haikuwa jambo jipya siku zile. William Otis, Mmarekani, aliipatia hati ya uvumbuzi katika mwaka 1839. Juu yake palikuwa na tangi la kuchemshia maji. Mvuke ukasukuma injini, na injini ikauinua mkono mrefu wenye ndoo ya meno. Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla ya wakandarasi wadogo kuikubali, kwa kuwa bei yake ilikuwa kubwa na vibarua walikuwa wengi.

Bechtel aliikubali mapema katika kazi zake za reli, akapaka ubavuni mwake maneno W. A. Bechtel Co., ijapokuwa kampuni haikuandikishwa kisheria mpaka mwaka 1925. Hapo ndipo somo la kwanza lilipoonekana. Sepetu ya mvuke yaweza kulijaza behewa kwa kuchota mara chache tu. Ikiwa behewa jingine halijafika, moto unaendelea kuwaka, makaa ya mawe yanateketea, na mwendeshaji, mchochea moto na wasaidizi wao wanasimama bure wakilipwa mshahara. Kwa hiyo aliyenunua sepetu alilazimika kutandika reli za muda, kupata mabehewa, kuweka maji karibu, na kupanga saa za kila mtu. Kipimo cha msimamizi hodari hakikuwa tena sauti kali ya kuwahimiza watu. Kilikuwa ni kuhesabu dakika.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuja malori na matrekta yanayotembea kwa minyororo ya chuma. Mwaka 1919 Bechtel na washirika wake walijenga barabara ya Klamath huko California. Katika mwaka 1925 makampuni mawili yaliyotengeneza matrekta, Holt na Best, yaliungana yakawa Caterpillar, ambalo katika midomo ya watu wa Kenya limekuwa katapila. Mhunzi wa viatu vya wanyama akaondoka katika kambi za ujenzi, na mahali pake akaja fundi wa injini. Mkandarasi aliyekuwa na trekta bila fundi wala vipuri alikuwa sawa na mtu mwenye bunduki isiyo na risasi.

UKUTA WA HOOVER

Kazi iliyoonyesha nguvu ya mashine na hatari yake kwa pamoja ni ukuta wa Hoover katika mto Colorado, mpakani mwa majimbo ya Nevada na Arizona. Mwezi wa Machi 1931 umoja wa wakandarasi ulioitwa Six Companies, ambamo Bechtel alikuwa mmoja, ulipewa mkataba wa dola 48,890,995. Ukuta ulitakiwa uwe na urefu wa futi 726 kwenda juu, katikati ya bonde la mawe lenye joto kali.

Kwanza mto ulibidi ugeuzwe. Mashimo manne makubwa yalitobolewa ndani ya majabali, kila moja likiwa na upana wa futi 56. Kwa desturi ya zamani, wachimbaji wangesimama juu ya majukwaa ya mbao, wakatoboa jabali, wakayabomoa majukwaa kabla ya kulipua baruti, kisha wakayajenga tena. Bernard Williams, msimamizi msaidizi, akapata shauri jingine. Majukwaa ya chuma ya ghorofa kadhaa yaliwekwa juu ya lori, na juu yake zikafungwa keekee 24 hadi 30 zinazoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Lori lilirudi kinyumenyume hadi kwenye uso wa jabali, keekee zote zikatoboa kwa pamoja, baruti ikatiwa, lori likaondoka, na mlipuko ukafuata. Kwa njia hii mto uligeuzwa tarehe 13 Novemba 1932, mapema kuliko ulivyotazamiwa.

Lakini faida hiyo haikupatikana bure. Mwezi wa Agosti 1931 kampuni iliwahamisha baadhi ya watu wa mashimoni katika kazi za mshahara mdogo zaidi. Wafanya kazi wakagoma, wakadai pia maji safi na makao bora, kwa kuwa watu kadhaa walikuwa wamekwisha kufa kwa joto katika majira hayo. Siku zile za uhaba wa kazi, watu wengi walikuwa wakingoja nje kuchukua nafasi zao. Mgomo ulikwisha katika muda mfupi, nao walirudi kazini bila ya kupata nyongeza.

MOSHI NA KOFIA

Jambo la pili lilikuwa baya zaidi. Malori yalitumia petroli, na moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyoonekana wala kunukia. Juu ya ardhi upepo huitawanya, lakini ndani ya shimo refu hubaki. Sheria ya Nevada ilikataza injini za petroli ndani ya machimbo. Mkaguzi wa jimbo alipotoa amri malori yaondolewe, kampuni ilikwenda mahakamani ikasema ya kuwa mahali pale ni ardhi ya Serikali Kuu, na sheria ya jimbo haifiki huko. Ikashinda, na malori yakaendelea.

Wafanya kazi waliumwa na vichwa, wakaanguka, wakatolewa nje wamezimia. Baadhi ya waliofariki waliandikwa kuwa wamekufa kwa homa ya mapafu, lakini wenzao walishikilia ya kuwa ni moshi. Baadaye watu walipeleka mashtaka, na katika Januari 1936 kampuni ilipatana nje ya mahakama na wadai 50. Hesabu rasmi ya waliokufa kwa ajali za kazi ni watu 96, na wale walioandikwa kwa homa ya mapafu hawamo.

Lori la keekee lilikuwa uvumbuzi wa akili nyingi. Lililokosekana ni hewa safi ya kutosha ya kulifuata. Mwenye kuhesabu yadi za mawe zilizotoka bila ya kuhesabu pumzi za watu waliomo ndani hajaimaliza hesabu yake.

Vilevile yafaa ikumbukwe ya kuwa si kila uvumbuzi ulitoka kwa mainjinia. Watu walioning'inia kwa kamba wakiyang'oa mawe yaliyolegea katika kuta za bonde waliona ya kuwa mawe yaangukayo ndiyo adui yao mkubwa. Wakachukua kofia zao za kitambaa, wakazichovya katika lami, wakaziacha zikauke, wakarudia hata zikawa ngumu. Ilionekana ya kuwa mtu aliyepigwa na jiwe akiwa ameivaa aliweza kuvunjika taya na fuvu lake likabaki zima. Kampuni ilipoona hivyo iliagiza maelfu ya kofia ngumu kutoka viwandani. Kofia ambayo leo ni sharti katika kila mahali pa ujenzi ilipata nguvu zake nyingi katika kazi ile, na waliotangulia kuijaribu ni vibarua wenyewe.

ZEGE LENYE JOTO

Saruji ichanganywapo na maji hutoa joto. Katika msingi wa nyumba joto hilo si kitu, lakini katika ukuta wenye zege yadi milioni 3 na robo za ujazo ni hatari. Wataalamu wa Serikali walikadiria ya kuwa, kama zege lote lingemwagwa kwa pamoja, lingechukua miaka 125 kupoa, nalo lingepasuka. Kwa hiyo lilimwagwa vipande vipande kama matofali makubwa, na ndani yake yakalazwa mabomba membamba ya chuma, ambayo jumla ya urefu wake ilifika maili 582. Maji ya mto yalipitishwa humo kwanza, kisha maji yaliyopozwa kwa mashine ya barafu. Zege lilipopoa, mabomba na nafasi zilizobaki zilijazwa rojo la saruji.

Ndoo za zege, kila moja ya yadi 8 za ujazo, zilisafirishwa angani kwa kamba za chuma zilizovuka bonde. Zege la kwanza lilimwagwa Juni 1933 na la mwisho Mei 1935. Warren Bechtel hakuuona mwisho wake, kwa kuwa alifariki huko Moscow katika Agosti 1933, na uongozi ukawaangukia wanawe. Kuanzia mwaka 1936 mwanawe Stephen ndiye aliyeshika usukani.

MELI ZA KUCHOMELEA

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Stephen Bechtel na washirika wake walianzisha viwanda vya meli huko California. Kiwanda cha Calship kiliunda meli 467, na Marinship meli 93. Zamani mabamba ya meli yaliungwa kwa ribiti, moja moja, na mafundi waliojifunza kwa miaka mingi. Sasa yaliungwa kwa kuchomelewa kwa umeme. Sehemu nzima za meli ziliundwa nchi kavu, kisha zikainuliwa na winchi kubwa na kuunganishwa.

Kazi ya kuchomelea yaweza kufundishwa upesi kuliko ufundi wa ribiti. Basi maelfu ya watu ambao hawakupata kuona kiwanda cha meli, wanawake kwa wanaume, waliingia na kujifunza. Lakini mlango haukuwa sawa kwa wote. Katika Marinship chama cha mafundi kiliwataka Wamarekani weusi wajiunge na tawi la pembeni lisilo na haki kamili, la sivyo wafukuzwe kazini. Joseph James, mchomeleaji, aliongoza wenzake kukataa. Mahakama Kuu ya California ikaamua mwishoni mwa mwaka 1944 ya kuwa chama kinachoshika mlango wa kazi hakiwezi kuwazuia watu kwa ajili ya rangi yao. Ilidhihirika ya kuwa chombo kipya chaweza kufungua ufundi kwa kila mtu, na bado kanuni za kale zikaufunga.

BOMBA LA JANGWANI

Baada ya vita kampuni ilikwenda Uarabuni. Katika miaka ya 1947 hadi 1950 ilishiriki kujenga bomba la mafuta liitwalo Tapline, toka Qaisumah katika Saudia hadi bandari ya Sidon katika Lebanoni, mwendo wa maili 754. Huo ni zaidi ya mara mbili ya njia ya reli toka Mombasa hadi Nairobi. Bomba hilo halipitishi mafuta tena, lakini jinsi lilivyojengwa yafaa kukumbukwa.

Mabomba ya inchi 30 hayafai kwa meli, kwa kuwa shehena kubwa huwa ni hewa tupu ndani ya chuma. Basi yalitengenezwa mengine ya inchi 30 na mengine ya inchi 31, ili moja liingie ndani ya jingine melini. Pwani ya Ras al Mishab maji ni machache, na meli haziwezi kukaribia. Ikajengwa njia ya kamba za chuma iliyoingia baharini karibu maili 3, na mabomba yakaletwa nchi kavu yakining'inia. Ujuzi wa kamba uliobeba zege katika bonde la Colorado ulikuwa sasa unabeba mabomba juu ya bahari.

ATOMI NA KOMPYUTA

Kampuni ilijenga pia tanuri la atomi la majaribio huko Idaho, ambalo tarehe 20 Desemba 1951 lilitoa umeme wa kuwasha taa nne. Baada ya miaka michache kilifuata kituo cha Dresden katika jimbo la Illinois, kilichoanza kutoa umeme katika mwaka 1960. Katika kazi hizi haikutosha tena fundi kuliangalia ungo la chuma kwa macho. Maungio yalipigwa picha ya eksirei ili ufa uliofichika uonekane, na karatasi ya ushahidi ikafuata kila bomba.

Mitambo ya namna hii ina mabomba na nyaya nyingi kupita kiasi. Wachoraji walichora kila kitu kwa kalamu, kisha wakaunda kielelezo kidogo cha plastiki ili waone kama bomba moja linapita mahali palipotengwa kwa jingine. Kosa lililopatikana mezani lilikuwa la senti, na lililopatikana kwenye ujenzi lilikuwa la maelfu. Kompyuta zilipoingia katika ofisi za mainjinia zilianza na hesabu ndefu tu. Toka miaka ya 1980 michoro yenyewe ilihamia ndani yake, na injinia akaweza kutembea kwa macho ndani ya kiwanda ambacho hakijajengwa.

SOMO LA LONDON

Katika miaka ya karibuni Bechtel ilikuwa miongoni mwa wasimamizi wa ujenzi wa reli ya chini ya mji wa London, iliyoitwa Crossrail na baadaye Elizabeth. Wakandarasi wengine ndio waliochimba. Kati ya miaka 2012 na 2015 mashine nane, kila moja ya tani kama 1,000, zilitoboa njia za maili 26 chini ya majumba na mifereji, zikipita karibu sana na njia nyingine za reli zilizokuwa zikitumika. Kuchimba huko kulikwenda vizuri.

Ilitarajiwa reli ifunguliwe Desemba 2018, lakini ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022. Kilichochelewesha hakikuwa mwamba. Kazi za ndani ya stesheni hazikuwa zimekwisha, na treni ilitakiwa ifuate mipango mitatu tofauti ya ishara katika safari moja. Programu za treni, za njia na za stesheni zilibidi zisikilizane bila ya kukosea. Kila chombo peke yake kilikuwa kizuri, na ugumu ulikuwa katika kuviunganisha. Hili ni lile lile la sepetu ya mvuke iliyongoja behewa, ila kwa gharama kubwa zaidi.

KWA MKANDARASI WA KENYA

Jina la Bechtel lilisikika Kenya katika mwaka 2017, kampuni ilipotia sahihi mapatano na mamlaka ya barabara kuu ya nchi kuhusu barabara mpya ya Nairobi na Mombasa. Barabara hiyo haikujengwa kwa mapatano hayo. Lakini habari za kampuni zamfaa hata mkandarasi mdogo wa Murang'a au Kisumu anayetaka kukodi katapila kwa kazi ya wiki mbili.

Kabla ya kulipa amana na ajiulize: nani ataiendesha, na amefundishwa wapi? Mafuta na vipuri vitatoka wapi? Udongo utachukuliwa na nini, na utapelekwa wapi? Watu watakaosimama karibu nayo watalindwaje na vumbi, moshi na mawe? Vibarua ambao kazi yao inachukuliwa na mashine wanaweza kufundishwa kazi gani nyingine? Na kama wao wenyewe wana shauri, kama wale waliochovya kofia katika lami, nani atawasikiliza?

Akiyajibu hayo, mashine itamletea faida. Asipoyajibu, itasimama uani ikila kutu huku deni likikua. Wazee wa pwani walisema ya kuwa chombo hakiendi ikiwa kila mtu anapiga makasia yake. Walinena juu ya mashua, lakini neno lao latosha pia kwa sepetu ya mvuke, kwa lori la keekee, na kwa kompyuta.